Waliosimama Kando ya Zefe

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Mwanangu Saif amenitumia klipu kwa WhatsApp. Filamu ya Wazungu, waliipiga hapa Nairobi mwaka wa sabini na sita, na ndani yake limepita zefe la Maulidi, msafara mzima, Pumwani. Kidogo tu. Baba yuko katikati ya wapiga ngoma za matwari, kanzu nyeupe, kijana kuliko Saif! Nikalia. Kisha nikaanza kumtafuta Mama.

Hayupo.

Nikampelekea mama mdogo Fatu simu mpaka kitandani. Akatazama, akasonya. Anasema siku ile dada yake, Khawla, alisimama naye ukutani, upande wa kushoto, amenibeba mimi. Wazungu waliwapiga picha wote. Ila nani aliwahi kuona wanawake katikati ya zefe?

Mimi sura ya mama yangu siijui. Alifariki sijaanza kutembea, na nyanya hakutaka picha za marehemu nyumbani. Alizichoma zote.

Jumatano, 5 Novemba

Usingizi haukuja. Asubuhi nikaenda Buruburu kwa Mzee Patrobas, aliyekuwa akiendesha projekta mjini enzi hizo. Alitazama klipu, akacheka. Filamu yenyewe ilikuwa pana, kumbe!

Akanieleza, kikombe cha chai mkononi. Televisheni ilipoingia majumbani huko Amerika, watu waliacha kwenda sinema. Wenye sinema wakaamua kutanua picha, waonyeshe kitu ambacho kile kisanduku hakikiwezi. Wengine waliwasha projekta tatu kwa mpigo. Wengine wakapata lenzi ya kuibana picha wakati wa kupiga, na nyingine ya kuikunjua ukumbini. Baadaye televisheni zikazinunua filamu zilezile. Hazikuenea, basi zikakatwa.

"Mama Saif, hii yako imenyolewa huku na huku," akasema. "Wamebakisha katikati."

Kwa hivyo Mama amekatwa kwa ugomvi wa Wazungu na televisheni zao. Na kwa sababu sisi wanawake adabu yetu ni kusimama kando. Nimekasirika, sijui nimkasirikie nani.

Lakini mkanda wa zefe upo! Sinema ilipofungwa Patrobas aliuchukua, ukakaa gerejini kwake pamoja na mashine. Akafungua kopo. Harufu ya siki. Anasema ukishanuka hivyo unakauka na kujikunja. Utapita mashineni mara moja, labda mbili, halafu basi.

Ijumaa, 7 Novemba

Tumejaribu mwanzo tu. Watu wembamba, warefu kama vijiti vya mishikaki! Lenzi ya kukunjua haipo — Patrobas alimwazima fundi mmoja wa Industrial Area aitwaye Muindi, akasahau kabisa. Mkanda ukaanza kukwaruza. Akazima mbio.

"Zii mathe, ya nini lenzi, si tuione tu hivyo," Saif akasema. "Ni kukonda tu wamekonda."

Nikakataa. Mama mdogo ndiye pekee aliyebaki anayeijua sura ile, na macho yake yana ukungu. Sura iliyobanwa ataitambuaje?

Saif akauliza, na lenzi isipopatikana? Mkanda si unaoza?

Jumamosi, 8 Novemba, asubuhi

Muindi ameipata! Ilikuwa chini ya boksi la boliti. Imejaa grisi, Patrobas anaifuta kwa fulana kuukuu na kumlaani.

Mama mdogo ameshona shuka mbili ubavu kwa ubavu, moja haitoshi upana wa picha.

Na kama Mama alikuwa amejifunika uso? Naogopa hata kuuliza.

Jumamosi, alasiri

Naandika hapahapa gerejini. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Picha ilifunguka mpaka pindoni mwa shuka. Baba, matwari, watoto — na kushoto, ukuta mzima wa wanawake. Mabuibui, nyuso wazi, wanacheka. Wengi! Watatu, wanne wamebeba watoto. Nilitaka kuwaangalia wote kwa pamoja, nikashindwa.

Mama mdogo akainuka bila mkongojo. Akaenda mpaka kwenye shuka, kivuli chake kikawafunika nusu. Akainua kidole. Nikamsikia akisema, "Huyu hapa, Khawla," na mkanda ukakatika. Shuka tupu.

Sikuona ni yupi.

Patrobas anaunga mkanda tuutazame tena. Anasema itabidi apunguze vipicha vilivyochanika, hajui ni vingapi. Nimemwomba asitupe hata kimoja.

Saif amemwambia mama mdogo arudi akae, kazi bado. Hataki. Nimempelekea kiti, amekisukuma. Amesimama pale mbele ya shuka, kidole kimebonyeza kitambaa mahali palepale. Anasema akikiondoa atampoteza tena.

Mkono wake umeanza kushuka. Naenda kumshikilia kiwiko.