Meza ya Watu Sita, Praha

Jumapili, 31 Machi

Sijapiga simu. Basi, nimeliandika. Hakuna anayejua, hata rafiki yangu Lubina, na Lubina namwambia karibu kila kitu.

Wiki tatu zilizopita mama alinipa namba ya mkahawa wa Jogoo wa Bati kule Praha, akaniambia niweke nafasi. Jumamosi tarehe 27 Aprili, watu sita, saa sita mchana, kwenye kona ya dirishani. Mkahawa wenyewe hauna hata tovuti. Simu tu, kama enzi za babu. Kesho yake asubuhi mama akauliza vipi ile meza. Nilikuwa nakata mkate. Mdomo ukajibu wenyewe: tayari. Lilitoka kama chafya. Na chafya hairudishwi puani.

Tangu siku hiyo nimebonyeza ile namba mara nne. Mara nne nimekata kabla haijaita mara ya pili. Sijui nina nini. Nikishika simu ulimi unakauka, kwa Kijerumani cha shuleni na hata kwa Kisorbi chetu cha nyumbani, lugha ya sisi Waslavi wachache wa huku Ujerumani. Kicheki ndiyo kabisa, sikijui.

Na Bibi ametoa amri. Marufuku kuzungumza Kijerumani na Wacheki. Zungumza lugha yetu, polepole, watakuelewa, sisi na wao ni ndugu. Kila mzee wa kijiji hiki anaamini hivyo. Wanafika Praha, wanaagiza chakula kwa Kisorbi kwa sauti ya juu mpaka mhudumu anawajibu kwa Kiingereza, halafu wanarudi nyumbani kusimulia jinsi walivyoelewana. Mimi nitaelewana na nani?

Safari ni ya Bibi, anatimiza miaka themanini. Alikwenda Praha na Babu walipooana, siku mbili tu, wakala bata kwenye kona ile ya dirishani. Daktari wa macho wa Dresden amesema jicho la kushoto limekwisha, la kulia labda lifike kiangazi. Kwa hiyo anataka mambo matatu: daraja la masanamu, ile seminari karibu na daraja walikosomea mapadri wetu wa zamani, na bata. Ametuambia wazi: nataka kula huku nikiona kilichomo kwenye sahani.

Na meza hakuna. Kwa sababu yangu.


Jumamosi, 6 Aprili

Kikao cha safari. Nimechoka nao wote.

Shangazi Hana alikuja na orodha. Anataka kasri, na walinzi wanapobadilishana zamu, na ile saa ya mnara, na kanisa lenye sanamu ya Mtoto Yesu, na mashua mtoni. Yote kwa siku moja na nusu, na Bibi anayetembea mwendo wa konokono. Baba anataka twende kwa gari. Mama anataka treni. Baba akasema treni ya kubadilisha Dresden humfanya mtu azeeke. Mama akasema kuegesha gari Praha humfanya mtu aachike. Beno, kaka yangu, alikuwa akila keki na kucheka, kisha akapendekeza tumpandishe Bibi farasi, maana baba ataazima mmoja kwa msafara wa Pasaka.

Bibi alikuwa mwisho wa meza na mayai yake ya Pasaka, anachovya ncha ya unyoya wa bata bukini kwenye nta na kupiga pembetatu ndogo ndogo. Siku hizi anapapasa kwa kidole gumba mahali alipoishia. Pembetatu bado zinanyooka. Sijui anafanyaje.

Akainua uso mara moja tu, akauliza: "Meza ni ile ya dirishani?"

Wote wakanigeukia. Nikatikisa kichwa kukubali. Halafu nikakumbuka hanioni vizuri kutoka pale, ikabidi niseme kwa sauti. "Ndiyo, Bibi."

Uongo wa pili. Huu sikupiga chafya, huu niliutamka.

Mama ameandika ratiba na kuibandika mlangoni mwa friji. Saa sita: meza (Marka). Jina langu kwenye friji. Kila nikitaka maziwa nalisoma.


Ijumaa, 12 Aprili

Nimepiga!

Wakati wa mapumziko, nyuma ya jengo la michezo pale shuleni, mahali wanapokwenda wavutaji sigara. Nilikuwa nimeandika maneno yote kwenye kiganja, kwa Kisorbi, kama Bibi alivyotaka. Simu ikaita mara tatu. Mwanamke akapokea haraka haraka, nyuma yake sahani zinagongana. Nikamwamkia. Nilimwamkia vizuri kabisa. Akaitikia, akauliza kitu. Ikawa zamu yangu.

Nikafungua kiganja.

Akauliza tena. Nilitazama kiganja, jasho limefuta nusu ya maneno. Akasema kitu na mtu wa jikoni, wakacheka. Pengine walicheka jambo lao. Nikakata.

Nilikaa pale mpaka kengele. Hasira zimenijaa. Si kwake, maskini, atanijulia wapi. Mtu gani wa miaka kumi na tano, ana lugha mbili nzima, anashindwa kuomba kiti kwa lugha hata moja?

Beno aliniona nikitokea huko nyuma. Kwenye basi la kurudi akawa ananiita Bubu. Bubu, leo umeongea na nani? Bubu, sogea kidogo. Nilitamani kumpiga na mkoba. Sikumpiga. Niligeukia dirishani, nikawa nimempa ushindi.

Jioni nilitafuta mtandaoni mpaka nikapata picha ya menyu yao iliyowekwa na mtalii mmoja, na chini kabisa, kwa herufi kama chungu, anwani ya barua pepe. Nimewaandikia. Kwa Kijerumani. Bibi akijua atanikana.


Jumatatu, 15 Aprili

Hakuna jibu.

Baba ameleta farasi. Mkubwa, mweusi, anamtazama baba kama mtu anayemdai heshima yake. Nyumba nzima sasa ni farasi. Kofia ndefu nyeusi imetolewa sandukuni, koti linapigwa pasi, hatamu zinasuguliwa mpaka zing'ae. Jumapili wanaume wote wataondoka kwa msafara wa farasi, wakiimba, kwenda parokia jirani kuitangaza Pasaka, na kabla ya hapo hakuna mtu kijijini mwenye nafasi hata ya kujikuna. Ndiyo maana mama alinipa kazi ile mapema, mwezi wa tatu. Ili iwe imekwisha.

Shangazi Hana amempigia mama kuuliza kama Jogoo wa Bati wanaweza kuandaa keki yenye mshumaa. Mama akamjibu kwa sauti mpaka nikasikia huku juu: Marka ataulizia, yeye ndiye anayejuana nao.

Ninajuana nao!


Alhamisi Kuu, 18 Aprili

Wamejibu. Kijerumani safi kuliko changu.

Wanasikitika. Jumamosi ile wamejaa, kona ya dirishani imeshikwa tangu Februari. Wana meza moja tu ya watu wawili, karibu na mlango wa jikoni, saa tano na nusu, na saa saba iwe wazi. Tukiitaka, tuthibitishe kabla ya Jumamosi hii jioni.

Kwa simu.

Nimesoma mara kumi. Imeshikwa tangu Februari. Maana yake hata ningepiga siku ileile niliyopewa namba, kona nisingeipata. Kwa nusu dakika nilijisikia mwepesi. Halafu nikaelewa: ningepiga siku ile, tungejua siku ile. Mama angetafuta pengine, au siku nyingine. Bibi angeambiwa mapema, angenuna siku mbili, angezoea. Sasa zimebaki siku tisa na jicho moja.

Watu wawili. Nani na nani? Bibi na mimi, tule bata mlangoni pa jikoni, wengine wasubiri nje na mkate mfukoni?

Kesho nitamwambia mama.


Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Sikumwambia. Kanisani kwa muda wa saa tatu nzima, halafu nyumba kimya. Hakuna siku mbaya ya kuungama kama siku ambayo kila mtu tayari ana huzuni.


Jumamosi Kuu, 20 Aprili

Naandika upesi.

Asubuhi nilishuka nimeamua. Mama alikuwa jikoni, unga mpaka kwenye viwiko, anasuka mikate ya watoto aliowasimamia ubatizo, watakuja kesho kuchukua mayai yao na mikate. Nikasimama mlangoni. Kabla sijafungua kinywa akasema bila kugeuka: "Afadhali Praha uliimaliza wewe. Hiyo nayo ingekuwa juu yangu leo, ningelia."

Nikauliza kama anahitaji mayai zaidi. Hakuhitaji. Nikatoka.

Saa nne nikasikia Bibi ukumbini. Ameshika simu ya nyumbani, ile isiyo na waya, na karatasi ya ile namba ambayo mama alimwandikia kwa tarakimu kubwa kama za namba ya nyumba mlangoni. Nilikuwa juu, pale ngazi zinapoishia. Nikashika mshikio, nikasikiliza.

Alizungumza Kisorbi. Polepole, kila neno kalipanga kama yai kwenye trei. Alitaka tu wamwekee bata mapema, asije akaambiwa amekwisha. Na walimwelewa! Nilisikia jinsi anavyongoja, anavyojibu, anavyocheka kidogo. Hakuna aliyemletea Kiingereza. Kumbe inawezekana. Kumbe hata udhuru huo sina.

Kisha akataja tarehe. Akataja jina langu na la ukoo. Akalirudia. Akalitaja herufi moja moja.

"Hakuna?" akasema. "Tazama tena, mwanangu. Huyo ni mjukuu wangu."

Halafu akaendelea kuzungumza lakini sauti imeshuka, sikupata kitu. Mwisho akashukuru, akakata. Hakuondoka. Alibaki amekaa kwenye kiti cha kuvulia viatu, simu mapajani, anatazama ukuta ambao sidhani kama anauona.

Mchana mezani Shangazi Hana alikuja na maua ya kupamba hatamu. Akauliza habari za meza, maana sasa anataka kuvaa ile nguo ya kijani, je, mkahawa ni wa heshima kiasi hicho? Nilikuwa natazama viazi vyangu. Nikasema moyoni, sasa.

Bibi akapaka siagi kwenye kiazi, taratibu. "Meza ipo," akasema. "Marka anajua mambo yote."

Basi. Mama akampa chumvi. Baba akarudia habari za farasi kukataa kusukwa manyoya ya shingo. Beno akanipiga teke chini ya meza, kwa mapenzi nadhani, akasema kumbe Bubu ana faida.

Sielewi. Aliipata meza kwa ulimi wake? Aliikosa akaamua kunisitiri? Au anangoja niseme mwenyewe, na kila saa ninayokaa humu juu anaihesabu? Muda wa ile meza ya wawili unakwisha jioni hii. Sasa ni saa kumi. Bora angenifokea mbele ya watu. Kufokewa nakujua, kunaisha.

Nitashuka. Nikimaliza mstari huu nitashuka.

Kuna mtu kwenye ngazi.

Si Beno, Beno hupanda mbili mbili. Mama yuko uani, namsikia akiongea na baba. Huyu anaweka mguu mmoja, analeta wa pili, anapumzika. Bibi hajapanda huku tangu Krismasi. Ni ngazi kumi na nne, na ya kumi imelegea, hawezi kuiona.

Kila hatua kuna kitu kinagonga kwenye mshikio wa ngazi. Si fimbo. Ni kitu kidogo, cha plastiki.

Amekuja na simu, na muda wa kuthibitisha bado upo.

Ya saba. Amesimama kupumua. Ameanza tena. Niende nimshike mkono, hiyo ya kumi—

Mwandiko wangu hawezi kuusoma tena, najua. Naficha daftari hivyo hivyo, chini ya mto, na nashuka kumpokea.