Machungwa ya Donald

Jumapili, 2 Juni 1957

Mimi ni mtu wa bahati, hilo halina ubishi. Mlima huu wote wa Mbololo hakuna mwingine! Nimepanda treni mpaka Kampala, nimewapikia Wazungu watatu na hakuna aliyekufa. Na mwaka ule wa hamsini na tano, mimi na mdogo wangu Donald tulipokuwa tukimtafutia Mzungu mawe ya madini kule Kishushe, tukapotea porini — tulipotea wawili, tukatoka wawili. Mimi nikarudi kwa Mama. Donald akadandia lori, akaenda zake Tanga, kwenye mkonge.

Sasa ametuma machungwa! Kikapu kizima, kwa treni ya Taveta. Mama kala moja, kalia, kafunga mbegu kwenye leso. "Gibson, zipande. Niuone mti wa mwanangu kabla sijafa."

Nje baridi itaziua. Nimepanda ndani, makopo sita ya samli, nimeyapanga karibu na mafiga. Mable mke wangu anauliza atapikia wapi. Nimemwambia akapikie Voi.

Jumatano, 12 Juni

Kosa! Makopo mawili udongo umekuwa moto kama uji. Nimefukua mbegu — zimeiva. Mpishi wa Wazungu nimepika mbegu! Manne yaliyobaki nayaweka dirishani mchana, jua likikubali, na jioni nayarudisha jikoni, mbali kidogo na moto.

Mama ananitazama kutoka kitandani. Tangu Mei hajasimama. Leo akauliza, "Huyo anayekohoa nje si Donald?"

Ni ukungu, Mama. Ukungu tu.

Ukungu haukohoi, akasema.

Jumatatu, 8 Julai

ZIMEOTA! Makopo matatu kati ya manne! Nimewaita majirani waje waone mkono wa mtu wa bahati. Na ajabu — mbegu moja imetoa miche miwili. Mbegu moja! Mmoja umenenepa, mwingine kama uzi.

Mama macho yake hayaoni vizuri, akapapasa kwa kidole. "Hawa ni nyinyi. Tumbo moja."

Nilicheka sana. Nilicheka mpaka Mable akauliza kama naumwa.

Jumamosi, 20 Julai

Rafiki yangu Ogutu amekuja. Ni mtia makaa kwenye treni, mtu wa kule Kisumu, mlima umemtoa jasho. "Bwana mkubwa, huku mnakaa na mawingu nyumba moja?" Akachungulia makopo. "Ng'oa huyu mdogo. Kaka yake anamnyonya." Nikamwambia hapa kwangu hang'olewi mtu.

Basi tukanywa chai. Kikombe mkononi, akamgeukia Mama. "Na yale machungwa yangu, Mama? Yalikuwa matamu?"

Nikacheka haraka. Nikasema Ogutu ni tarishi tu, aliyapokea stesheni kutoka Tanga. Ogutu akanitazama. Akatazama kikombe. Akasema ndiyo, Mama, aliyapokea.

Mama hakucheka. Aliuliza tu kama chai ya mgeni ina sukari.

Jumatano, 24 Julai

Mama hanisemeshi. Anasemesha makopo.

Ijumaa, 2 Agosti

Ule mche mdogo umelala. Shingo imeoza. Ni maji mengi na baridi, najua, nimemweleza Mama. Anasema hapana, kuna kitu kimefichwa moyoni mwa mtu humu ndani, anataka kutasa. Ndiyo desturi yetu: unajaza kinywa maji ya muwa, unayapuliza kama manyunyu, na hasira yote iliyo moyoni inatoka nayo. Kabla hajaugua, Mama Jumapili aliimba kanisani, Jumatatu alitasa, na Mungu hakulalamika.

Nikamwambia mimi sina hasira na mtu. Hata paka wa jirani nampenda.

"Sikusema hasira yako," akajibu.

Mchana huu, saa nane, ukungu umejaa dirishani. Nikaona mtu kasimama penye migomba, mguu mmoja kauinua, hataki kuukanyagia. Nikatoka mbio. Migomba tu. Mable anasema nimerudi bila viatu.

Jumapili, 4 Agosti

Mama ameinuka mwenyewe! Sikuamini. Ameketi kwenye kigoda, makopo mbele yake, kibuyu mapajani. Akaniita.

"Nitaibariki miti hii. Lakini wewe utasema kwanza. Sema Donald yuko wapi. Ukisema kweli, nitatema baraka, hata kama ni kweli mbaya. Ukinidanganya nitameza, na hutasikia baraka kinywani mwangu tena."

Kisha akajaza kinywa. Mashavu yamevimba. Sasa hawezi hata kuniuliza. Ananingoja tu.

Nimesema naingia chumbani kuchukua koti. Koti nimeshalivaa, bado naandika. Mable ameniita mara mbili. Namsikia Mama anavyopumua kwa pua.

Hata daftari hili, ambalo hakuna anayelisoma, nimelidanganya. Hakuna Tanga. Machungwa nilipewa na Ogutu. Donald alivunjika mguu. Nilimlaza chini ya jabali na maji kidogo, nikaapa nitarudi kabla jua halijazama. Nikapata kambi ya watu. Nikala. Niliogopa simba, nikakaa siku mbili. Niliporudi nilikuta shati.

Mable ananiita tena.

Tulipotea wawili. Nilitoka peke yangu.