Siku Tisa Nilizokuambia Niko Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Jumamosi ninaondoka, na mara hii siendi Nairobi. Ninakuandikia kwa Kiswahili, ingawa maisha yako yote ulinisemesha Kipsigis, kwa sababu ndicho nilichofundishwa shuleni kuandikia barua. Tena kuna jambo ambalo nikilisema kwa Kipsigis nitalia kabla sijafika katikati. Unanijua, nikianza kulia hakuna kazi inayofanyika.

Jambo lenyewe ni hili: nilikudanganya. Zile siku tisa za mwezi wa saba nilizokuambia niko kwenye semina ya wauguzi, sikuwa Nairobi. Nilikuwa Australia, katika mji unaoitwa Perth. Kaka yangu Kibet alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyenipeleka kupanda gari na sanduku kubwa tulilolificha kwa rafiki yake pale Kaplong. Kutoka nyumbani nilitoka na mkoba mdogo wa semina, nikakuaga kama mtu anayekwenda karibu. Ulinipa mayai mawili ya kuchemsha. Niliyala kabla ya kufika Bomet.

Nataka nikueleze ilivyokuwa, maana sikukueleza ulipokuwa hai. Nilikuwa nimeomba viza ya ukaaji wa kudumu miaka miwili nyuma, kabla moyo wako haujaanza kuchoka na miguu kuvimba. Niliomba kama watu wote wa rika langu wanavyoomba, nusu nikitaka na nusu nikiona haitatoka. Ikatoka. Ilitoka wiki ileile tuliyokurudisha nyumbani kutoka wodini. Barua ilisema lazima nikanyage nchi ile kabla ya tarehe fulani, hata kama ni kwa siku chache, la sivyo viza inakufa na kila kitu kinaanza upya. Nikishaingia mara moja, nina miaka ya kwenda na kurudi. Tarehe ilikuwa mwisho wa mwezi wa saba.

Kukuacha moja kwa moja sikuweza. Kuiacha viza ife pia sikutaka, Mama, na sitajifanya mtakatifu hapa. Nikachukua likizo ya siku zilizokuwa zimebaki, nikaenda kukanyaga na kurudi.

Kwa nini sikukuambia? Unakumbuka mazishi ya yule mzee wa ng'ambo ya mto, ambaye mwanawe yuko Amerika. Kijana hakupata ruhusa kazini. Mpwa wa mzee akasimama ukingoni mwa kaburi ameinua simu juu, ili yule kijana aone jeneza likishuka, na kila mara mtandao ukikatika pasta ananyamaza, tunangoja. Uliporudi nyumbani ulivua viatu vyako vya kanisa, ukavipangusa tope, ukasema, "Huyo wamemzika na simu." Hukusema zaidi. Mimi nilikuwa nakanda unga, na barua ya kuniitia vipimo vya viza ilikuwa imelala kwenye mkoba wangu. Ningekuambiaje baada ya hapo?

Hukuwa mtu wa maneno mengi. Hata kuchuma majani ya chai hukunifundisha kwa mdomo. Nilipokuwa darasa la nne tukiamka kuchuma kabla ya shule, uliniweka mstari wa pembeni yako, ukanionyesha majani mawili na chipukizi, basi. Nikichanganya na jani gumu hukunigombeza. Ulilitoa kikapuni kwangu ukalitia kwenye mfuko wa sweta yangu, na mimi nikalikuta darasani wakati natafuta kalamu. Siku nyingine nilikuta majani sita. Mwalimu aliniuliza kama nafungua kiwanda. Kufika mwisho wa muhula mfuko ulikuwa mtupu, na bado hatukuwa tumezungumza juu ya jambo hilo.

Sasa Perth. Pale uwanja wa ndege nilifika nimejitayarisha kama mtu anayekwenda kutahiniwa. Nilikuwa na bahasha ya makaratasi yote: vyeti, vipimo, barua. Afisa hakuitaka bahasha. Aliangalia paspoti, akaangalia kompyuta, akaniuliza kama nina chakula kwenye mzigo. Nikamwambia nina majani ya chai ya kwetu. Akauliza nitakaa muda gani. Nikasema siku sita. Akatabasamu, akaniambia naweza kukaa nitakavyo, akanirudishia paspoti. Hakugonga hata muhuri. Mambo niliyoyangoja miaka miwili yalichukua muda mfupi kuliko kumpima mgonjwa presha.

Nilikaa kwa Mercy, yule msichana wa Kipkelion tuliyesoma naye uuguzi, aliyewahi kuja kwetu Krismasi akamaliza ugali wote ukampenda kwa hilo. Anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kulikuwa na baridi na mvua, karibu kama Kericho mwezi huohuo, ila hakuna jiko la kuotea. Mercy alinitembeza: hospitali kwa nje, kituo cha basi, duka la chakula, kanisa wanakoabudu Wakenya, ambako waliimba wimbo uleule mnaoimba na akina mama wenzako, kwa sauti ya chini kidogo. Nilipika chai yetu kwenye sufuria, maziwa ya dukani yakaifanya iwe nyepesi, nikaongeza majani mara tatu. Nchi ni nzuri, sitaisema vibaya. Watu wana adabu. Barabara zimenyooka. Lakini nilikuwa napita mle kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga huku mgonjwa wake akimngoja nje.

Kila siku nilikupigia saa mbili asubuhi ya kwenu, ukishameza dawa. Kule ilikuwa saa saba mchana. Nilijifungia chooni kwa Mercy ili usisikie ndege wa kule, maana wanapiga kelele za ajabu. Nilikuwa nimefikiria kila kitu. Nilijua hata mada za semina. Siku ya tatu ukaniuliza unavyouliza siku zote, "Umekula nini?" Na mimi, muuguzi mzima mwenye diploma, nikakujibu, "Nimekula wali na kuku, tumetoka tu chakula cha mchana."

Kisha ukasema, "Haya. Kula vizuri," ukakata.

Nilikaa pale juu ya choo na simu mkononi. Halafu nikajituliza. Nikasema dawa zinakuchosha, hukusikia vizuri. Kesho yake nilipopiga uliniuliza tu kama kunanyesha Nairobi. Nikasema kunanyesha. Ukasema, "Ni vizuri."

Siku ya tisa Kibet alinipokea Kaplong kwa pikipiki. Sanduku tukaliacha palepale kwa rafiki yake. Njiani nilimuuliza kama amekuambia kitu. "Aki Cherono, mimi sijafungua mdomo," akasema. "Lakini leo asubuhi amesema atolewe nje kwa jua. Amevaa kile kitambaa chake cha Pasaka."

Tulipoingia uani nilikuona. Miezi miwili hukuwa umeketi nje. Ulikuwa kwenye kiti cha baba, miguu yako iliyovimba imewekwa juu ya kigoda, na mapajani umeshika kibuyu kirefu kilichosuguliwa mafuta. Shingoni mwa kibuyu ulikuwa umefunga sinendet, ule mmea unaotambaa ambao sisi huwavisha washindi na watu waliotoka mbali.

Mama, mtu akitoka Nairobi hapewi mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kibuyuni, na sinendet. Anapewa chai, tena akichelewa anapewa iliyopoa. Mursik ya namna ile ni ya anayerudi kutoka ng'ambo, na kila mtu aliyekuwa pale uani alijua hivyo. Kibet alizima pikipiki akaangalia chini. Chelangat, mke wake, akajifanya ana shughuli jikoni.

Ulimimina kikombe kikajaa. Nikataka kukusaidia, ukauondoa mkono wangu. "Kunywa," ukasema.

Nikanywa. Ilikuwa chachu sawasawa, na yale masizi ya mti wa kusugulia kibuyu yamekolea vile unavyopenda. Nilikunywa yote nimesimama, kama mtoto.

"Huko kuna ng'ombe?" ukaniuliza.

"Wako. Lakini mimi sikuwaona."

"Sasa maziwa wanatoa wapi?"

"Dukani, Mama."

Ukacheka, ukakohoa, ukacheka tena. "Basi ni Nairobi," ukasema, na tukaingia ndani.

Ungesema nini kama ningepiga magoti siku ile nikakuambia yote? Nimejiuliza hivyo kila siku. Nilikuwa na nafasi. Nilikuwa na wiki nane, maana Mungu alitupa wiki nane. Nilikuosha miguu, nilikupima maji yanayoingia na yanayotoka, nilikugeuza usipate vidonda. Jioni ulikuwa unaniuliza majani yamechumwa vipi upande wa chini, nami nakujibu. Nilikuwa nafungua mdomo, halafu nakuuliza kama unataka mto mwingine. Nilikuwa naogopa. Nilidhani nikisema Australia utasikia kwamba nakuaga.

Ulipofariki mimi ndiye niliyekufumba macho. Nilikuvalisha kitambaa kile cha Pasaka, nilitembea nyuma ya jeneza kutoka kanisani mpaka shambani, nilitupa udongo kwa mkono huu. Sikukuzika na simu. Hilo ndilo nililokuwa nimelinunua kwa uongo wangu wa siku tisa, na nikipewa nafasi tena ningelinunua tena. Lakini uongo ni uongo, na naomba unisamehe.

Tangu hapo viza imekuwa wazi na mimi nimekuwa na visingizio. Kwanza matanga. Halafu jiwe la kaburi. Halafu nikasema ngoja majani yapogolewe upande wa chini. Mercy akanipigia akaniuliza kama nataka pia kungoja yachipue. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona kuondoka sasa ni kama kuthibitisha kwamba nilikuwa nangoja ufe ndipo niende. Sikuweza kumwambia mtu maneno hayo. Ninakuambia wewe.

Kisha juzi Jumanne nilikuwa nafunga mizigo. Nilitaka kuchukua kibuyu kimoja nikakiweke kwa Mercy kama pambo. Kuna viwili pale ukutani jikoni. Nikashika kile kipya, chenye mkanda wa ngozi na shanga nyeupe, na Chelangat akaniambia, "Hapana, hiyo wacha."

Nikamuuliza kwa nini.

Akakaa. Akaniambia ya siku ile ya simu. "Alipokata tu simu, mama aliniuliza, 'Chelangat, ni saa ngapi?' Nikamwambia ni saa mbili na kidogo. Akasema, 'Cherono amekula chakula ya mchana.' Akacheka mpaka nikaogopa juu ya ile moyo yake. Halafu akasema, 'Lete kibuyu, weka maziwa leo, wiki ijayo atafika.' Mimi sikujua ni ya nini. Nilifanya tu vile alisema. Nilienda mpaka mtoni kutafuta sinendet, kwa sababu yeye alikataa ya karibu, alisema imekauka."

"Na hiki kipya?" nikauliza.

"Hiyo alininunulisha sokoni wiki ya pili ukisharudi. Alisema mimi nikae nayo, nisiwekee mtu mwingine maziwa. Nipake mafuta kila mwezi isipasuke. Akasema, 'Hiyo ya kwanza alienda tu kuangalia. Hii ni ya siku atatoka huko kabisa kuja nyumbani, na mimi sitakuwa.'"

Mama, nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni kwako nikalia mpaka Chelangat akaniletea maji. Wewe ulikuwa umeshanipa ruhusa ya kwenda, ukanipa na ya kurudi, na mimi nilikuwa bado natafuta namna ya kuomba.

Kwa hiyo Jumamosi ninaondoka. Kibet atanipeleka, na safari hii sanduku litatoka hapa nyumbani, kupitia mlango wa mbele, watu wakiona. Nimefua sweta yako ya kijani na ninaenda nayo. Kibuyu nimekirudisha ukutani. Nimekipaka mafuta mwenyewe kwa mara hii ya kwanza, ndani nikakisugua kwa ile fimbo iliyochomwa, vile ulivyonionyesha bila kusema. Chelangat ataendelea mwezi ujao.

Kongoi, Mama, asante. Sikuagi. Naenda Australia. Nimelisema sasa, na umelisikia kutoka kwangu.

Binti yako atakayerudi kunywa,
Cherono