Mnyama Anayeita Majina

Elisabethville, Oktoba 1961

Yaya Clément, kaka yangu mpendwa,

Tumehamia kambi ya wakimbizi. Mvua imeanza, na Mama amejifunza kushona hema.

Unamkumbuka yule mnyama uliyetutungia, asiye na macho, anayeshuka kutoka nyota nyekundu, anakuita jina lako, na ukiitika anakula? Mdogo wetu Adolphine bado anamwamini. Watu wenye bunduki walipomwita Baba mlangoni, alimng'ang'ania suruali.

"Baba, usiitike! Ni ule nyama!"

Baba alicheka. "Mutoto, nyama ya ku nyota haipigake hodi."

Akaitika, akatoka. Hajarudi.

Tangu siku hiyo Adolphine haitiki. Hapa kambini kila mtu huitwa jina, na asiyeitika mwenyewe hapewi unga. Yeye huziba masikio. Ninamgawia wangu, lakini hautoshi, na amekonda hata usingemtambua. Nimemwambia mnyama amekufa. Anasema mimi sijui, wewe ndiye uliyemtunga.

Basi mwandikie Adolphine, Yaya, kwa mkono wako, kwamba umemuua. Ila barua usiianze kwa jina lake.

Dada yako anayekungoja,
Léonie