Usitafute Ufunguo wa Pikapu

Onesmus,

Chai iko kwa thamosi. Mkate ni wa Morgan, mwenzetu wa chumba, usiuguse, sitaki kusikia kelele zake tena.

~~Ufunguo wa pikapu uko juu ya friji.~~ Hapana. Niko nao mimi.

Riyadh huendi na hiyo mzigo. Jana ulinicheka mbele ya watu: "Wewe uliacha shule form two, utanifunza gari?" Sawa. Lakini leo asubuhi, ukiwa bado unakoroma, nimelala chini ya hiyo gari na tochi ya simu. Zile springi uliongeza zimeinua nyuma, ndio maana unaona imesimama poa. Breki ni zilezile. Tairi ni zilezile, na ya nyuma kushoto imeshatoa nundu ubavuni. Gari ni ya tani moja. Mawe ya bustani ya bosi ni tani mbili. Springi haijapunguza hata jiwe moja, imekufichia uzito tu.

Nimeenda kwa bosi, Al-Rawdah, kumwambia tutapeleka mara mbili. Nitasema ni mimi nimekataa, wewe ulikuwa tayari kwenda. Akisema halas, kazi imeisha, basi akate ikama yangu, kibali changu cha kukaa huku. Wewe uko na watoto.

Usinipigie simu ukiwa na hasira. Kunywa chai kwanza.

Na kitu sijawahi kukuambia. Siku tunatoka nyumbani, mke wako Fridah alinivuta kando pale airport. Ulidhani ananiambia nikutii. Aliniambia, "Norman, nichungie huyu."

Mdogo wako