Pombe ya Posa ya Katana

Jumatatu, 3 Machi
Nimekoroga mara ya pili. Mtama, kimea, maji. Pipa la buluu limejaa. Jumamosi tunampeleka Katana, mtoto wa marehemu ndugu yangu, kuposa Junda. Wengine hupeleka pombe ya mnazi ya kununua. Mimi napika mwenyewe. Pombe yangu ya mwaka ule iliwalaza askari sita siku tatu, wa saba akaomba uhamisho. Changamwe nzima yajua.

Jumatano, 5 Machi
Mamake Katana kaingia kwangu bila hodi. Kafunua pipa, kaziba pua. "Shemeji, hii ni pombe ama rangi ya mlango?" Nimemfukuza. Simpendi. Tangu ndugu yangu afe hajakubali kwamba mkuu wa nyumba ni mimi.
Utando juu wameremeta kama dizeli barabarani. Ni mafuta ya mtama tu.

Alhamisi, 6 Machi
Povu limekufa. Nimetia sukari. Kimya. Nimempigia aliyeniuzia pipa, nimemtukana yeye na ukoo wake. Akaniuliza, "Kwani mzee hukuiona karatasi?" Nikakata simu. Mshenzi.

Ijumaa, 7 Machi
Katana kaja kunionyesha shati jipya. "Baba mdogo, pombe iko sawa?" Iko sawa, usinihoji kama polisi.
Hapa hasomi mtu, basi niseme. Karatasi ya pipani niliiona. Ilikuwa na picha ya fuvu. Niliikwangua kwa kisu, nikasuuza pipa mara tatu, nikaona yatosha. Nikikiri, yule mwanamke atanicheka mpaka nizikwe. Pombe nakwenda nayo.

Jumamosi, 8 Machi
Junda. Wazee wanane mkekani. Babake msichana, Mzee Baya, uso kama kufuli. Kwetu aliyeleta kinywaji hukinywa kwanza mbele ya watu, wajue hakina ubaya. Nilikuwa nimepanga kugusisha midomo tu.
"Haya, fundi wa askari sita, anza!" mzee mmoja akaita. Wakacheka. Nikashika kata. Mbele yangu mzee kipofu alikuwa ameshanyoosha bakuli, kwa mikono miwili, anatabasamu.
Nikaimwaga kata chini. Nikasema pipa lilikuwa la sumu, na nilijua.
Baya akasimama. "Yaani ulikuja kuposa ama kutuzika?" Akatuambia turudi mwezi ujao, na mnazi, na msemaji mwingine. Katana hakuniangalia njia nzima. Namchukia Baya. Nimejichukia zaidi.

Jumapili, 9 Machi
Nimechimba shimo nyuma ya choo, nimemwaga yote. Pipa nimelitoboa lisitumike tena.
Saa nne Katana akaja, akakaa kando yangu. Kisha akauliza mnazi mzuri wapatikana wapi. Nikaanza habari za mgema mmoja wa Kaloleni, alikuwa akipanda minazi mia kabla ya chai. Nikaikatiza hadithi.
Nikamwambia, sijui. Twende tukaulize.