Kaptula Zilizonukia Sabuni

Kibosho,
14 Machi 1982

Dada yangu mpendwa Dafroza,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tarakea, wewe, shemeji Basili na watoto wote. Je, mguu wa shemeji umepona, au bado anauburuta na kukataa kukaa chini? Sisi huku tunapumua. Upepo umeangusha migomba ya juu, na ng'ombe amezaa ndama jike. Barua hii nimeianza mara tatu. Kila nikikaa nakumbuka kuna jambo jikoni, naenda, nakuta hakuna, narudi. Leo kalamu siiachi mpaka nimalize, maana jirani yetu Salvina anapanda gari la Rombo kesho asubuhi na ndiye atakayekukabidhi mkononi.

Dada, shemeji yako Kastori anaumwa. Ulisikia kwa watu kwamba ameacha pombe yetu ya mbege na kuokoka, ukaniandikia kunicheka. Hukuwa peke yako. Katekista alikuja hapa kumwuliza kama anataka kutuhama, na Walutheri wa ng'ambo ya mto wakamletea kitabu cha nyimbo. Akakipokea, akashukuru, akakiweka juu ya kabati. Ukweli ni kwamba akinywa kata moja tu ya mbege, haja ndogo ilikuwa ikimsumbua mpaka akawa anasimama migombani kitambo kirefu, na kinachotoka ni matone. Aliona afadhali aitwe mlokole.

Mwezi wa kwanza kiuno kikamkaza, akashindwa kuinuka kitandani. Ndipo kaka yake Onesphory akatupeleka hospitali Moshi mjini. Daktari alimlaza wiki mbili, akampima, kisha akatuita sote wawili. Alisema ni kansa, imeanzia kwenye tezi lililo chini ya kibofu na sasa imegusa mifupa ya kiuno. Hakutuficha: kuiondoa yote haiwezekani. Lakini ugonjwa huo, alisema, unalishwa na nguvu za kiume, na akitolewa korodani zote mbili huenda maumivu yakapungua na akapata miaka kadhaa. Kastori akavaa kofia yake, akatoka nje, akaniacha na daktari kama mtoto aliyesahauliwa kanisani.

Wewe unaijua sifa ya shemeji yako. Kibosho hii yote, mtu akitaka beberu wake anenepeshwe awe ndafu wa kuchomwa mzima kwenye sherehe, humwita Kastori aje amhasi. Tulipofika nyumbani akasema amehasi mabeberu zaidi ya mia na anajua wanavyokuwa baadaye: wananenepa, wanatulia, hawajali lolote ila majani. Akasema bora afe akiwa na vyake. Nikamjibu kwa hasira kwamba beberu huhasiwa ili achinjwe, yeye anahasiwa ili asichinjwe, na kama hilo halioni basi ugonjwa umempanda kichwani. Hatukusemezana siku nne. Dada, nilikuwa nafagia ua uliokwisha kufagiwa, naumaliza, nauanza tena.

Sasa naomba unisamehe, maana kuna jambo nimekudanganya wewe pia.

Ile sabuni ya Kenya niliyokuomba mwaka mzima, ukaipata kwa taabu, ukaificha ndani ya magunia ya mahindi ili mgambo wa njiani wasiione, nilikuambia ni ya sare za watoto. Haikuwa ya sare. Sare nilizifua kwa maji ya majivu kama kila mtu. Sabuni yako ilikuwa ya kaptula za Kastori, kwa sababu zilikuwa na damu. Tangu Pasaka ya mwaka jana, dada. Niliiona, nikaifua ikatoka, nikakunja kaptula nikairudisha mahali pake, wala sikumwuliza. Unakumbuka marehemu bibi alivyotufundisha, kwamba mambo ya mwanamume ya chooni mke hayaoni hata akiyaona. Nikajiona mke mwema. Huenda ningeuliza wakati ule daktari angekuta kitu kidogo. Hilo ndilo linaloninyanyua kitini kila nikikaa.

Ijumaa nilishindwa. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe, nikamfuata, nikamwambia yote huku nalia. Hakushtuka. Alisema alijua. Nguo zote za nyumba hii zilinuka majivu, kaptula zake peke yake zilinukia sabuni. Kila asubuhi alizivaa akijua kwamba najua, akangoja niseme. Na mimi nilikuwa namngoja yeye. Mwaka mzima, dada, watu wawili kitanda kimoja! Kisha akaweka panga chini akaniuliza, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipooana, kama akirudi bila vyake nitaendelea kulala upande wangu. Nikamwambia sina kitanda kingine. Tulicheka, halafu tukalia, na ng'ombe akayala majani yote tuliyoyaangusha.

Alhamisi atapasuliwa. Ametia sahihi jana. Ninaogopa sana, sikufichi. Nyumbani kwao tumesema ni ngiri, na wewe ukiulizwa sema hivyo hivyo, maana hilo amelitaka mwenyewe. Ila kati yetu wawili ameahidi hatanificha tena, na mimi nimeahidi nitauliza hata akinuna. Leo baada ya misa nilimkuta mferejini ameinama, mkono mmoja kiunoni, anafua kaptula zake. Nilitaka kumpokonya, akakataa, basi nikakaa jiweni kando yake tukazungumza mpaka zikatakata.

Nisalimie shemeji Basili na watoto, mmoja mmoja kwa jina lake. Utuombee siku hiyo ya Alhamisi. Kastori anakusalimu sana, na hapa amenisimamia kichwani niandike kwamba kipande cha mwisho kimekwisha. Ukiweza umtumie mche mwingine wa sabuni, na safari hii anayeomba ni yeye.

Mdogo wako akupendaye,
Anyesi